Kiti cha Mbele

Jumamosi ile Fabiani aliamka na neno moja tu moyoni: anauza. Alilala nalo, akaamka nalo, na alipotoka nje na koti zito mabegani, kwa sababu Julai ya Sumbawanga haina mzaha, alikuta Benzi lake limeshafungwa riboni. Nyekundu na nyeupe, kutoka kwenye vioo vya pembeni mpaka mbele ya boneti, na fundo kubwa katikati. Bertilla, mkewe, alikuwa amechuchumaa hapo mbele akikaza ncha ya mwisho kwa meno.

"Mama Loth, nilikwambia Tuntufye anakuja kesho kulichukua hili gari."

"Uliniambia." Hakuinua kichwa. "Na mimi nilikwambia leo linambeba Salome. Kesho ina mambo yake."

Salome alikuwa binti wa mdogo wake Bertilla, kule Namanyere, na siku hiyo alikuwa anaolewa. Katika ukoo wa Bertilla hakuna binti aliyekwenda kanisani kwa miguu tangu Benzi lilipoingia. Ilikuwa kama sheria, ingawa hakuna aliyeitunga.

Benzi lenyewe lilikuwa zee, lakini zee la heshima. Fabiani alilinunua kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyeletwa kusimamia ujenzi wa lami. Lami ilipokwisha Mzungu akarudi kwao, gari likabaki mtaa wa Chanji kwa Fabiani mwenye mashine ya kusaga. Tangu siku hiyo jina lake la ubatizo likapumzika. Wateja wa mashine, majirani, hata padri akijisahau, walimwita Mzee Benzi, naye aliitika kwa raha zote. Siku hizi ngozi ya viti ilikuwa imepasuka, mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa kubembelezwa, na mafuta lilikuwa linakunywa bila aibu. Hizo ndizo sababu Fabiani alizompa mkewe: gari limechoka, vipuri mpaka viagizwe Mbeya, yule kijana Tuntufye analitaka kwa biashara yake ya kukodisha arusini, tumwachie.

Sababu ya kweli alikuwa nayo peke yake. Macho yake yalikuwa yanakufa.

Alianza kwa kujigonga kwenye miimo ya milango. Akasafiri mpaka Mbeya, akiaga kwamba anafuata mkanda wa mashine, na huko daktari wa macho akampima, akampima tena, akamwambia ana presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pembeni hakukuwa na kitu. "Na kuendesha gari, mzee, ndiyo basi," daktari alimwambia. Fabiani akashukuru, akanunua mkanda wa mashine ili uongo wake uwe na ushahidi, akarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata akaendesha kwenda misa.

Mtu mzima na akili zake, mwenye wajukuu! Lakini mwambie mwanaume aliyeitwa Mzee Benzi kwa miaka yote hiyo kwamba kuanzia leo atashikwa mkono kuvuka barabara, uone kama atakusikia.

Aliwezaje kuendesha? Kwa mdomo wa Bertilla. Mwanamke yule alikuwa na tabia ya kusema kila anachokiona njiani, na wanaomjua walikuwa wanamtania kwamba akifumba mdomo ataona kizunguzungu. "Mama Kristiana yule kulia na beseni lake, anataka kuvuka, haya, kasimama." "Ona tela la ng'ombe hilo, wamelijaza mahindi mpaka linapepesuka, na hawaachi njia." Fabiani alikuwa anasikiliza, anageuza usukani, anapunguza mwendo. Moyoni alimshukuru Mungu kwa kumpa mke msemaji, na alijiona mjanja kwelikweli kwa kumtumia bila yeye kujua.

Lakini leo alikuwa na hofu. Leo nyuma ya mgongo wake angekaa mtoto wa watu na shela lake. Alijiapiza kwamba hii ndiyo safari ya mwisho: aende polepole, ambebe Salome kutoka nyumbani mpaka kanisani, kutoka kanisani mpaka ukumbini, arudi, na kesho Tuntufye aje achukue ufunguo. Aliona aibu kwamba hata kiapo hicho kilikuwa cha kujidanganya, kwa sababu mtu anayeogopa kweli asingeondoka.

Kabla hawajatoka simu ya Bertilla iliita. Alikuwa mdogo wake, Dominika, mama wa bibi arusi, na sauti yake ilisikika mpaka kwa Fabiani. Alikuwa anaomba kiti cha mbele cha Benzi akae msimamizi wa arusi, kama ilivyo kawaida, na Bertilla apande basi dogo na kina mama wengine.

"Hicho kiti ni changu," Bertilla alisema.

"Dada, kwa leo tu. Watu watasema."

"Waseme. Nisipokaa mimi mbele, gari halitoki Chanji."

Akakata simu. Fabiani alitabasamu kidogo. Akaona ni maringo ya mkewe, kama kawaida.

Wakaondoka. Baridi ilikuwa kali na upepo ulikuwa unafagia mabua kwenye mashamba yaliyovunwa, kwa hiyo walipandisha vioo vyote. Bertilla alianza kazi yake tangu kona ya kwanza. Bodaboda huyo kushoto, kabeba godoro. Mbuzi hao. Lori limeegeshwa vibaya, dereva wake yuko uvunguni, miguu iko barabarani. Fabiani alilipita lori kwa uangalifu, mikono imebana usukani, jasho linamtoka chini ya koti lile zito. Mji ukabaki nyuma, mikaratusi ikapungua, uwanda ukafunguka pande zote mbili, mpana na mkavu, na yeye hakuona hata upande mmoja.

Walikuwa wamekwenda mbali kidogo Bertilla alipobadilisha habari.

"Mpigie Tuntufye, mwambie asije."

"Nimeshampa neno langu."

"Neno lenyewe ulimpa bila kuniuliza. Baba Loth, mimi nimekuwa mke wako miaka yote hii, najua unapodanganya. Vipuri! Lini wewe umeogopa vipuri? Niambie unauza kwa nini."

Hapo ndipo angesema. Barabara ilikuwa tupu, wako wawili tu, hakuna wa kuwasikia. Lakini Fabiani alikuwa amebanwa, na mtu akibanwa hutupa chochote kilicho karibu.

"Nauza kwa sababu yako," alisema. "Umelifanya gari la kuringia. Jumapili unashuka kanisani kama malkia, leo unagombania kiti na wasimamizi wa arusi ya watu. Unanitia aibu."

Bertilla alimgeukia. Alimtazama kwa muda, mdomo wazi kidogo, kisha akaufunga. Akavuta kanga yake mabegani na kugeuza uso kwenye dirisha la upande wake, upande wa kushoto, akanyamaza.

Mwanzoni Fabiani aliona afadhali. Kisha barabara ikaanza kumtisha. Kimya kile kilikuwa kimemzimia taa. Mbele aliona kipande cha lami, cheusi na chembamba, na kila kitu nje ya kipande hicho kilikuwa kimefutwa. Ni nani aliyekuwa pembeni? Kulikuwa na ng'ombe? Kulikuwa na mtoto? Alipunguza mwendo. Alikohoa, akitumaini mkewe atauliza kama ana mafua. Hakuuliza. Alisema, "Nadhani tunakaribia kijiji," na hakujibiwa. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kitu kimoja: kusimama, kuzima gari na kusema, mke wangu, sema nami, sioni. Maneno machache tu. Badala yake alishika usukani vizuri zaidi, akaendelea.

Wakaingia kijijini. Fabiani aliona bati la kwanza, akaona kibanda cha soda kwa mbali, kisha akasikia kwaya. Ngoma, kayamba, sauti za kina mama zikipanda, zote zikipenya kwenye vioo. Kutoka kulia, ndani ya kile kipande chake cha kuonea, kikaingia kitu cheupe kinachopepea, na watu wengi kukizunguka. Moyo wake ukachangamka ghafla. Arusi! Jumamosi ya baada ya mavuno, wataacha kuoana? Na kwetu Ufipa magari ya arusi yakikutana njiani ni lazima yasalimiane, honi zinapigwa mpaka watu watoke majumbani. Fabiani, ambaye kwa dakika zile zote alikuwa anaendesha kwa woga, akakumbuka kwamba yeye ni Mzee Benzi na gari lake limepambwa. Akaweka kiganja kwenye honi. Pi-pi-piii! Pi-pi-piii!

"Simama!" Bertilla alipiga kelele kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa. "Jeneza hilo! Simama!"

Alikanyaga breki kwa miguu miwili. Benzi lililia, likayumba, likasimama huku boneti lake karibu kugusa magoti ya mbebaji wa mbele. Fundo la riboni lilikuwa usawa wa msalaba wa jeneza. Cheupe kile alichokiona kilikuwa kitambaa kilichofunika jeneza.

Kwaya ilikatika. Kwetu jeneza likipita, mwenye baiskeli hushuka na mwenye kofia huivua, hata kama marehemu hamjui. Na huyu alikuwa amekuja na riboni, amewapigia honi za arusi, kisha karibu awagonge. Kayamba moja ilianguka. Halafu mama mmoja akaanza kulia upya, na vijana wakalizunguka gari.

"Shuka!"

"Shuka, mzee! Hela zimekupanda kichwani?"

Ngumi zilitua juu ya bati. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye koti la bluu, alikuwa ameshika jiwe, na mkono wake ulikuwa umeshainuka. Bertilla alifungua mlango wake akashuka mbio. Fabiani alitafuta kitasa, akakikosa, akakipata. Aliposimama nje, zile sauti zilimjia kutoka pande ambazo hakuweza kuziona, jambo lililomtisha kuliko jiwe.

"Mwacheni," ilisema sauti ya mtu mzima. "Stephano, shusha hilo jiwe. Mwacheni nimuulize."

Umati ukapisha. Mzee mmoja aliyevaa kanzu juu ya sweta alikuja akasimama mbele ya Fabiani, ndani ya kile kipande cha kuonea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mimi naitwa Maximilian," alisema. "Huyu tunayempeleka ni Edith, dada yangu. Mwenzangu una mvi kama mimi. Sijawahi kuona mtu mzima anampigia maiti honi za arusi. Dada yangu amekukosea nini? Au huoni?"

Fabiani alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari umejipanga: breki ziligoma, honi ilijishika yenyewe, gari zee hili. Watu wangenung'unika, angeomba radhi, wangempisha. Angefika Namanyere. Lakini kabla hajatoa neno, Bertilla alipiga magoti kwenye lami mbele ya mzee yule, akapiga makofi ya heshima, ya taratibu, kama afanyavyo mwanamke wa Kifipa mbele ya mkubwa.

"Baba, kosa ni langu," alisema huku akilia. "Mimi sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba mnapita. Huwa namwambia. Leo aliniudhi, nikanuna, nikageuza uso dirishani. Pembeni haoni, baba. Mimi ndiye humwonea njia."

Fabiani alisimama palepale na dunia ikamgeuka. Kumbe. Mama Kristiana na beseni lake, tela la ng'ombe, mbuzi, miguu ya dereva wa lori, misa zote zile, kwenda na kurudi. Kumbe hayakuwa maneno ya mwanamke msemaji. Yeye ndiye aliyekuwa anaendeshwa. Alihisi hasira ikimpanda, halafu upendo mkali ukamshika kifuani hata akashindwa kuvitofautisha. Bertilla aliinua uso, akaona jinsi mumewe alivyobadilika, akaogopa.

"Si kwamba haoni kabisa," aliongeza haraka. "Ni jua tu, baba, lilimpiga..."

"Sioni," Fabiani alisema.

Alilisema kwa sauti ya kusikika na watu wote, kwa sababu alijua akilinong'ona atapata nafasi ya kulirudisha. "Mama, inuka hapo chini. Wazee wangu, ndugu zangu, sioni. Mwaka wa pili sasa. Daktari alinikataza kuendesha, nikamsikia, nikaendesha. Mke wangu hana kosa hapa. Nisameheni, na marehemu anisamehe."

Stephano alilitazama jiwe mkononi mwake kana kwamba amewekewa na mtu mwingine, akalidondosha pembeni ya barabara.

"Na mlikuwa mnakwenda wapi?" Maximilian aliuliza.

"Namanyere. Kumpeleka bibi arusi kanisani."

"Yesu wangu," alisema mama mmoja katikati ya watu.

Maximilian alifikiri kidogo, kichwa ameinamisha. Kisha akamgeukia yule kijana mrefu. "Stephano, wewe si unaendesha malori? Chukua hilo gari umpelekee binti wa watu. Shangazi yako hatakulaumu, alipenda sana arusi. Fungueni hizo riboni, atazifunga akishavuka kijiji." Halafu akamshika Fabiani mkono juu ya kiwiko. "Na wewe utatembea na sisi mpaka makaburini. Huyu tunambeba kwa kuwa hana jinsi. Wewe bado una miguu."

Bertilla alimpigia mdogo wake simu, akampa habari kwa maneno machache, akavumilia kelele zake mpaka zikaisha. Kisha akafungua riboni, akamkabidhi Stephano na kumwelekeza nyumba ya bibi arusi. Benzi likaondoka kimyakimya, bila honi. Kwaya ikaanza tena. Fabiani alitembea nyuma ya jeneza la mtu asiyemjua, mkewe akiwa amemshika kiwiko mbele ya macho ya watu kwa mara ya kwanza tangu waoane, na kila penye shimo alimwambia, hapa pana shimo. Kaburini alitupa udongo wake kama wengine.

Baada ya mazishi walikaa kwenye gogo kando ya barabara, wakisubiri basi la kurudi Sumbawanga. Watu walipita, wakawaaga kwa upole. Fabiani alisubiri mpaka wakabaki peke yao.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipomkanyaga kuku wa kina Kristiana, ukasema alijirusha mwenyewe."

"Na ukanyamaza."

Bertilla alivuta pumzi. "Baba yako macho yalipofungika, alikaa kwenye kigoda karibu na kihenge, akasema sasa nangoja. Alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Hakuwa na ugonjwa, Baba Loth. Alikaa tu. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji, nikimwona anavyopungua kila siku. Nikasema wewe hutakaa. Ukiliuza gari utakaa. Nikasema nitakuwa macho yako, na wewe utaendesha, na mtu hatajua."

Fabiani alilia kidogo, bila kujificha. Kisha akauliza lile lililokuwa linamchoma.

"Na Salome? Ungekubali akae nyuma yangu?"

"Ningekuwa mbele."

"Leo ulikuwa mbele."

Bertilla alifunika uso kwa kanga, mabega yakimcheza. Alipoufunua alinyoosha mkono, akachukua simu kutoka mfuko wa koti la mumewe, akatafuta namba, akapiga.

"Tuntufye, mwanangu. Marahaba. Ni mimi, mama. Gari leo liko arusini, kesho litakuwa nyumbani, njoo ulichukue." Akasikiliza. Upande wa pili Tuntufye alikuwa anauliza kama mzee bado yuko radhi, maana alisikia kwamba nyumbani hawajakubaliana.

"Mzee alikubali zamani," Bertilla alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa bado."

Akairudisha simu mfukoni mwa mumewe. Kisha akasimama, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akampa mkono.

"Inuka, Baba Loth," alimwambia. "Hapa hukai."